Taarifa kwa Mwenyekiti Kuhusu Njia za Diski

Mwalimu Ong'ayo,
uliniomba ukurasa mmoja, bila Kiingereza,
nieleze kwa nini Sacco ya walimu inahitaji programu
ambayo siku ikiwa njema
hakuna atakayejua kwamba ipo.

Nianzie barabarani.
Nyando ikifura na Ahero ikafunikwa,
lori la mikate la Nakuru halirudi nyumbani:
linakatia Muhoroni, linaambaa miwa ya Chemelil,
linatokea Mamboleo na tope hadi kwenye vioo.
Muuza duka wa Kibuye anapokea mikate yake,
ananung'unika kidogo kuhusu saa,
haulizi kuhusu mto.

Seva zetu ni mbili, pacha, ghorofa ya tatu.
Ghala la diski ni moja.
Kila pacha ana kebo zake, zinapita swichi mbili,
zinaingia ghalani kwa milango miwili,
na seva isiyofunzwa, ikiiona diski moja mara nne,
huandika: ziko nne.
Kama yule karani wa sensa aliyefika kwa shangazi yangu Kabondo.
Kanisani ni Perpetua, kwenye kitambulisho Aloo,
kwa majirani Min Okumu, sokoni Nyar Gem.
Akahesabu wanawake wanne
katika nyumba yenye sahani moja uchagani.

Programu hii humshika karani mkono:
ni yuleyule. Mpe jina moja.
Na pacha wako alitumie jina hilohilo,
la sivyo mtafungua daftari moja mkidhani ni mawili
na mkopo wa mwalimu wa Seme utaandikwa
juu ya mkopo wa mwalimu wa Vihiga.

Zilikuwa mbili mezani.
Ya kwanza ilikuja ndani ya mfumo, bure,
faili lake la mipangilio refu kama risala ya kufunga shule.
Ya pili ni ya waliotuuzia ghala: leseni kwa kila seva, kila mwaka,
kijitabu kinachong'aa,
na kijana wa tai aliyeniita mheshimiwa mara kumi na moja.

Jumamosi usiku, Kiprono akishika saa,
nilichomoa kebo.

Ya bure, jinsi ilivyozaliwa: sekunde hamsini na nne.
Pacha wa pili alivumilia thelathini,
akaamua mwenzake amekufa,
akamfungia nje, akarithi nyumba nzima.
Ya tai: sekunde nane.
Kiprono akasema, basi tulipe, tukalale.

Ulinifundisha darasa la sita, unajua nilivyo mbishi.
Nikalirudia faili, nikapunguza subira hapa,
nikafuta hapa neno linalosema "ngoja milele",
mpaka adhana ya alfajiri.
Nikachomoa tena.
Kumi na moja.
Hizo tatu zilizozidi, kwa bei ya leseni,
kila moja ni mshahara wa karani wa miezi minne.

Ningepiga muhuri hapo.
Lakini Jumatatu, foleni ya karo ikiwa hadi ngazini,
Mideva alitafuta pa kuchomeka mashine ya kung'arisha sakafu,
akachomoa plagi moja nyuma ya kabati,
na swichi zote mbili zikafumba macho.

Njia nne. Soketi moja.
Nami niliipita miaka miwili nikiinama kuokota kalamu.

Dakika kumi na tisa. Mideva analia, anakunja aproni,
anadhani amefukuzwa.
Nikamwambia akae, nikamtilia chai,
mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka.

Kwa hiyo ombi:
programu tuchukue ya bure, faili nitalilea mimi.
Pesa ya leseni imlipe fundi wa umeme
avute waya wa pili kutoka ubao wa pili,
na soketi ya Mideva mlangoni, peke yake,
iandikwe jina lake kwa rangi.

Ukurasa umezidi, nisamehe.
Leo jioni nilifuata nyaya hizo kwa macho
dirishani, kuvuka paa, hadi nje.
Mbao zote mbili zinakunywa kwenye nguzo moja.
Imeinama upande wa ziwa.