Uzito wa Trela Tupu

Muhoroni, saa nne kasorobo usiku.
Miguu yangu imeshaanza kutafuta viatu vya kazi
chini ya kitanda, ilhali mimi ni mstaafu wa miaka mitatu.
Hakuna aliyeiambia miguu.

Nilizaliwa usiku wa manane, ndiyo maana naitwa Oduor.
Bwana Ratemo wa ofisi ya ajira alicheka akisoma fomu:
"Wewe hata mama yako alikupanga zamu ya usiku."
Nikacheka naye. Nilikuwa na miaka ishirini na minne,
nikidhani usingizi ni kitu cha wazee na paka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi:
trekta linapanda mizani, trela limefura miwa,
naandika. Linakwenda kupakua, linarudi tupu,
naandika tena. Toa la pili kwenye la kwanza.
Kinachobaki ndicho cha mkulima.

Mtu wa chama cha wafanyakazi alikuja mara moja,
akachora duara ubaoni, akalikata kama chapati:
huku kazi, huku usingizi, huku starehe,
saa nane, saa nane, saa nane.
Tukapiga makofi. Kisha king'ora kikalia, tukaingia zamuni,
na ukutani, kwa chaki ya msimamizi:
Kazi mbaya si mchezo mwema.

Chapati yangu haikukatika hivyo.
Nililala mchana, blanketi likiwa pazia,
mabati yakilia kwa jua,
na Adikinyi akifukuza kuku kwa kitambaa, bila sauti.
Wanangu walijua kunong'ona kabla ya kujua kusoma.
Juzi Akeyo amepiga simu kutoka Eldoret,
mwanamke mzima wa miaka thelathini na mitano.
Nikamwambia, sema kwa nguvu, mama, sikusikii.
Akanyamaza kidogo. "Nimezoea hivi, Baba."

Hilo niliandike upande gani?

Starehe yangu ilikuwa kodiani.
Niliinunua Kisumu, mwaka ule wa bonasi,
kwa mwanamume aliyesema hana tena pumzi ya ngoma.
Niliipiga mara nne. Panya waliipiga zaidi.

Basi leo naketi jikoni na kalamu kufanya hesabu ya mwisho.
Miaka thelathini na mmoja. Theluthi ya hii, robo ya ile.
Hesabu inakataa. Sindano hairudi sifuri.

Hapo nakumbuka matope.
Msimu wa mvua matairi huacha udongo juu ya bamba,
kilo arobaini, kilo sitini,
na karani anayejali hushuka na koleo akaukwangua.

Mimi nilikwangua nini miaka yote hiyo?
Chai ya saa tisa usiku na wapakiaji, kikombe kimoja, watu watano.
Wavulana wa Koru wakichomoa miwa nyuma ya trela
nami nikitazama pembeni,
na kesho yake muwa mmoja, umemenywa, mlangoni pangu.
Dereva Chumo amelala juu ya usukani, mdomo wazi,
foleni nzima ikipiga honi,
nami nikijifanya sindano bado inacheza
ili apate dakika tano.
Dakika hizo ziliingia daftari gani?
Hazikuwa kazi. Usingizi ulikuwa wake.
Lakini mimi ndimi niliyepumzika.

Adikinyi amesimama mlangoni, leso mabegani.
"Unapima nini saa hizi?"
Namwonyesha karatasi. Anaigeuza: risiti ya mbolea.
"Njoo ulale. Au toa hiyo kodiani uipige. Kuku hawajali."

Naitoa. Walipopita panya nimeziba kwa mpira wa baiskeli.
King'ora kinalia kiwandani, saa nne kamili,
vijana wa watu wanaingia.
Naitafuta sauti yake kwenye vitufe. Ipo,
cha tatu kutoka chini, imepinda kidogo.
Naishikilia mpaka pumzi iishe.

Naamka jua limeshapanda, shingo inauma,
kodiani kifuani,
na kuku wamejaa jikoni wakipiga kelele,
hakuna aliyewafukuza.