Vipimo vya Mpangaji

Tymek alipotimiza miaka kumi na mmoja
hakutaka baiskeli. Alitaka nyoka.
Nikamwambia: nyumba kwanza, mpangaji baadaye.
Nilidhani nyumba itamshinda.

Jumamosi, theluji ya Łódź imegeuka tope la kijivu,
tukapanda tramu hadi Bałuty, kwa Dobromir,
mzee mwenye kikohozi, na mjusi begani.
Nilikuwa na futikamba shingoni, ile ya kiwandani;
mimi fundi cherehani, sinunui kitu bila kukipima.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi sijaumwa hata siku moja,
lakini asubuhi ile futikamba yangu mwenyewe
iliniteleza kwapani, nikaruka.

Nikanyoosha kidole: lile pale, la kioo,
refu kama jeneza la askofu.
Apate nafasi, nikasema, asijione mfungwa.
Dobromir akakohoa, akacheka, akakohoa tena.
"Mama, huyu bado unene wa kalamu.
Ukimtupa kwenye uwanja huo, hatakula.
Atajibanza pembeni akingoja kuliwa yeye."

Sikujibu.
Nilikumbuka chumba cha utoto wangu,
sisi sita, kila kichwa na mita zake kwa amri ya karatasi,
nyayo za dada yangu Halszka usoni pangu usiku kucha,
na nilivyoapa: mwanangu atalala amejinyoosha.
Kisha nikakumbuka vyumba vitatu nilivyo navyo sasa,
tangu Ziemowit aende Bremerhaven kuchomelea meli
akaisahau njia ya kurudi;
ninavyolala ukingoni mwa kitanda kipana,
mgongo umegusa ukuta.

"Tuoneshe dogo," nikasema.

Sentimita sitini kwa arobaini. Nilipima mara mbili.
Si la waya, maana joto hukimbia na pua huchubuka.
Wala si akwariamu ya bure ya jirani,
ambayo kifuniko chake ni ubao, na juu ya ubao, kamusi.
"Kamusi!" Dobromir akashika kichwa.
"Panapopita kichwa, mama, nyoka mzima ameshapita."
Nyumba njema si mlango, husema watu.
Hawajafuga nyoka.

Akatupa kufuli. Akatupa mkeka wa umeme,
wa kulazwa chini ya upande mmoja tu, na kidhibiti chake,
maranda ya mti mweupe (ya msonobari, harufu yake humkaba),
bakuli la maji, na mapango mawili ya gome, membamba,
moja kwenye joto, moja kwenye baridi,
"asije akalazimika kuchagua
kati ya joto na usalama."
Nilimwomba alirudie hilo.
Alidhani sikusikia.

Zloti mia nne na themanini. Nyoka mwenyewe, mia na ishirini.

Wiki mbili sanduku lilikaa tupu, limewashwa,
nasi tukilichungulia kama maziwa jikoni:
ishirini na tisa huku, ishirini na tatu kule.
Nikalishonea nguo, pande tatu, nyeusi,
kutoka koti ambalo hakuna aliyelirudia.
Kitambaa kilitosha. Kikabaki na mfuko mmoja.

Siku alipofika, rangi ya chungwa, mabaka mekundu,
aliingia pango la baridi akatoweka.
Siku nne. Tymek akasema, hatupendi.
Nikasema, anapima.

Usiku wa tano niliamka kunywa maji.
Kwenye mdomo wa pango, kichwa sawa na ukucha wangu,
ulimi ukitoka, ukirudi, ukitoka,
ukionja chumba, ukinionja mimi na nguo yangu ya kulalia.
Tulisimama hivyo, yeye hana miguu, mimi sina viatu.

Nikakagua kufuli. Nikalikagua tena.
Nikaenda kulala, nikaiacha taa ya jikoni ikiwaka,
kwa bahati mbaya, au tuseme hivyo.