Jiwe Kama Yai

Selwyn aliinunua kwa dola mia nne na kreti ya bia,
mashua ya jeti, faibaglasi ya mwaka sabini na mbili,
imelala nyuma ya banda la kukatia manyoya ya kondoo,
kuku wametaga kwenye kiti cha nahodha.
Akaikokota hadi kwetu Geraldine
na gari langu likahamia nje, kwenye jalidi.
Miezi mitatu tu, alisema.
Nikamwambia ahadi ni deni.
Akacheka, kicheko cha mdeni mzoefu.

Kipupwe cha kwanza kilikuwa cha msasa.
Vumbi jeupe kopeni, kwenye chai, kwenye mto wa kulalia.
Akabandua rangi ya machungwa, chini yake buluu,
chini ya buluu nusu ya jina: LLIE.
Sijui Nellie, sijui Millie, hatukuuliza.
Akazikalafati nyufa kwa gundi iliyonuka hadi chumbani.

Kipupwe cha pili, injini.
Silinda nane, na haizunguki hata upana wa ukucha.
Waliomuuzia ni ndugu, Lachlan na Fergus McAra:
nyumba mbili, ua mmoja,
na lango la ua limefungwa kwa waya.
Lachlan husema Fergus alisahau oili.
Fergus husema Lachlan alilewa, akaikaanga.
Miaka thelathini na moja
wananunua mkate duka moja, siku tofauti.

Selwyn akaing'oa, akaifungua nati kwa nati,
akaipanga sebuleni juu ya magazeti.
Pistoni zinang'aa. Shafti imenyooka. Beringi hazina kosa.
"Haina ugonjwa," akasema, machozi karibu.
"Sasa ilikufa kwa nini?"

Mashua hii haina pangaboi la nje.
Huunywa mto kwa tumbo, kupitia wavu wa chuma,
huutafuna kwa feni ya shaba,
huutema nyuma kwa hasira,
na hivyo hupita juu ya maji yasiyofika kifundo cha mguu.
Kuna kitundu cha ukaguzi huko tezini.
Mkono wa Selwyn hauingii.
Wangu umezalisha kondoo wa majirani miaka ishirini,
unajua kulitafuta goti gizani.
Nikajipaka sabuni hadi kiwiko.
Grisi baridi. Makali ya bapa. Kisha,
kati ya bapa na ukuta, kitu laini, cha mviringo,
kimebana.
Nikakigeuza polepole, kama kichwa cha mwanakondoo
aliyekuja vibaya.
Kikatoka.

Jiwe. Kama yai, la kijivu,
na mshipa mweupe kiunoni.

Nilimpelekea Fergus, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza.
Akalipima kiganjani muda mrefu.
"Hili tu?"
"Hilo tu."
Akaomba abaki nalo.
Kama waya wa lango umekatwa, sijui;
sipiti njia ile mara nyingi.

Novemba tukaishusha Rangitata.
Mto ule haupiti njia moja: umesukwa, umefumuka,
kama nywele za aliyelala na misuko wiki nzima,
na katikati ya kila msuko, kokoto, kokoto.
Selwyn akawasha. Ikakohoa,
ikatema maji ya kutu, ikanguruma
hadi shakwe wakaondoka wote kwa pamoja.
Hapo uso wake ulikuwa na umri wa miaka tisa.

Tulikuwa tumepita daraja niliposikia soksi zimelowa.
Nikatia mkono mfukoni mwa koti
nikakuta kizibo cha ngama,
nilichokisugua jana kwa mswaki, vizuri sana, kikang'aa.
Ikikimbia, tundu lile huyatoa maji.
Ikitulia, huyakaribisha.

"Selwyn," nikamwambia sikioni,
"usisimame."