Ji Isiyo na Mwenyewe

Barua ililetwa Jumatatu, Kiarabu cha ofisi,
mhuri wa buluu umekaa upande
kama kofia ya mtu aliyeharakishwa.
Baba akaisoma kimya, akaikunja mara nne,
akaiweka chini ya birika la kahawa.

Miaka ishirini na miwili arifu wa falaji, hapa Ibra:
yeye ndiye aliyejua maji ya saa tisa usiku ni ya nani,
mitende ya mjane Ghaliya inywe lini,
na nani hufungua lango dakika kumi kabla ya zamu yake.
Hilo la mwisho, nadhani, ndilo lililomponza.

"Baba amejiuzulu," nikamwambia mama,
nikidhani ninampunguzia.
Mama, mzaliwa wa Wete, hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.
"Amejiuzulu au ameuzuliwa?
Usiniletee ji isiyo na mwenyewe."

Silabi moja tu.
Mwenye nayo hutoka kwa miguu yake, viatu amevaa.
Asiye nayo hutolewa,
na mlango hufungwa na mkono wa mwingine.
Tena sikiliza: *kuuzulu*,
u mbili zimebanana kwenye kiti kimoja,
ya kwanza inanyanyuka,
ya pili inakalia joto lake.

Wiki hiyohiyo fundi wa Kibaluchi alikuwa juu ya paa letu
akipaka azili, lami nyeusi ya kulikataza jua lisishuke.
"Mzizi ni uleule," akasema kaka yangu Thuwaini, mwalimu,
"azala, kutenga. Hata wodi ya wagonjwa wa kuambukiza ni azli."
Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu:
"Kumbe baba yenu wamempaka lami!"

Wageni walikuja. Halwa ikamegwa.
Baba akawaambia, kwa Kiarabu, "Nimepumzika,"
nao wakahimidi,
wakavitikisa vikombe mapema, kahawa imewatosha.
Kiswahili kingewabana: umepumzika, au umepumzishwa?

Saa tisa usiku saa yake ya mkononi ikalia.
Yenyewe hakuna aliyeiandikia barua.
Nikamsikia akipapasa ndara gizani.

"Unakwenda wapi," mama akauliza, "nawe umeuzuliwa?"

Kimya. Kiyoyozi kikakohoa.

"Kutazama tu."

Mama akageukia ukutani.
"Tochi iko juu ya jokofu."