Mpya za Ijumaa

Ijumaa, saa tano kasorobo usiku, mtandao ukiwa na nguvu,
navuta mpya.
Kibanda changu kipo Kisumu Ndogo, nyuma ya kinu cha kusaga:
shilingi kumi wimbo, hamsini flashi nzima,
na ukileta simu yenye ufa nakuhurumia bure.

Taarabu hujiuza. Kaswida hujiuza.
Bongo Fleva siiti, huja yenyewe na fujo zake.
Lakini bluzi, ee bluzi,
Malindi nzima ina mteja mmoja.

Tsofa Mwagandi, bawabu wa hoteli isiyo na wageni,
huja na daftari.
"Mbodze, wiki hii kumetoka nini?"
Namsomea kama taarifa ya habari:
kuna mama wa Memfisi, miaka sabini na mmoja,
ametoa albamu ya kwanza baada ya kumzika mume wa tatu;
kuna vijana wanne, ngoma nzito,
gitaa lao kama bati lililong'oka msumari;
kuna kipofu amerekodi upya, na nyayo zake
zasikika zikipiga sakafu kabla ya sauti.
Huandika yote, hununua moja.
"Hiyo ya nyayo."

Lile gitaa lake ni mshahara.
Mwenye hoteli, Mwitaliano, aliondoka Januari
na miezi mitatu ya jasho la watu,
akamwachia gitaa la nyuzi tano na ufunguo wa lango.
Wa sita Tsofa ameufunga kwa waya wa breki ya baiskeli.
Usiku hulinda bwawa la kuogelea lililokauka;
hushuka ndani, upande wa kina kirefu,
hupiga.
Vigae humjibu.

Ijumaa iliyopita hakuja na daftari.
Alitoa simu mfukoni.
"Leo vuta kutoka kwangu."
Nyimbo tatu. Ya kwanza inaanza na mbwa.
Ya pili ni jina la yule Mwitaliano, taratibu,
mara kumi na mbili, bila tusi hata moja,
nami nikaona haya kama niliyemfumania mtu akioga.
Ya tatu ni Kigiriama: nyanyake akivuna chumvi Gongoni,
na ule waya wa breki unalia pale pale
ambapo maneno yangeingia.

Nikafungua folda. BLUZI, MPYA.
Nikamweka baina ya mama wa Memfisi na kipofu.
Akauliza bei.
Kumi, nikamwambia. Kama wao.

Jumamosi, hakuna. Jumapili, hakuna.
Jumatatu muuza maandazi alitaka "ile ya mbwa"
watoto wake wacheke.
Kumi hiyo nimeifunga kwenye karatasi,
juu nimeandika: Mwagandi.

Leo Ijumaa tena. Mtandao unasuasua.
Mama wa Memfisi, habari zinasema, anaumwa,
ziara imeahirishwa, hawajasema hadi lini.
Sijui nimwambieje Tsofa.
Nitaanza na hela ya mbwa.