Gari la Daktari Obura

Alilileta kwa meli kutoka Ujerumani,
jekundu, tumbo likikaribia kulamba lami.
Kule, aliniambia, kuna barabara zisizo na kikomo:
unakanyaga tu, misonobari inageuka ukuta,
mshale unapita mia mbili sabini
na mkeo, pembeni, amelala.

Hapa linatambaa Barabara ya Lusaka
likikwepa matuta kama bibi harusi anayekwepa tope.
Mara tatu nimelichomelea tumbo.

Jumapili, saa kumi alfajiri,
nikajiambia najaribu breki tu.
Mlolongo nikalipa ada, kizuizi kikainuka.
Mia na arobaini.
Mia na tisini.
Taa za Uwanja wa Nyayo zikawa uzi mmoja,
makorongo juu ya migunga hayakuwahi kugeuza shingo.
Mia mbili na kumi, na injini
ikaacha kulalamika, ikaanza kupumua,
kama mtu aliyesikia lugha ya kwao
ikisemwa sokoni ugenini.

Westlands ikafika
kabla sijamaliza kumwogopa Mungu.

Jumatatu Daktari akaliwasha, akatega sikio.
"Umelifanya nini, Mutinda? Limechangamka."

Nikapangusa mikono kwa tambara.
"Plagi, Daktari. Zilikuwa chafu."