Kwa Fundi Viatu, Duluth

Palipokuwa kwa fundi viatu, katikati ya mji,
siku hizi wanakaanga nyama.
Kaunta ni ileile, ina makovu ya gundi.
Chipsi huja ndani ya kasha la viatu,
na mhudumu mwenye nywele za buluu haulizi jina:
"Unavaa saizi gani?"

"Kumi na moja," asema Toivo,
"na mguu wa kushoto umevimba."
"Uvimbe hatuutozi."
Marlys, dada yake, acheka mpaka miwani yateleza.

Baga ni ndefu kuliko mdomo.
Toivo aizunguka kama mtu atafutaye mlango
wa nyumba asiyoijua,
kisha auma. Haradali yamtiririka hadi kiwikoni,
jibini lavutika, halikatiki,
naye, aliyekuja kusema hapana,
hana pa kuipitishia hiyo hapana.

Marlys amemaliza chipsi zake,
nyembamba, maganda yake juu, chumvi ya mawe.
Sasa ala za kaka yake.
"Naonja tu."

Juu ya friji ya soda vinaning'inia viatu
ambavyo wenyewe hawakurudi.
Jozi moja ya kijani, visigino vifupi,
kikaratasi bado kimefungwa kwa uzi:
*Bi. Saarinen. Alhamisi. Amelipa nusu.*

Mama hakusema kamwe
kwamba alikuwa na viatu vya kijani.

Toivo ajipangusa kiwiko, muda mrefu,
hata pasipo na haradali.
"Ile nusu," amwambia mhudumu,
"itie kwenye bili yetu."

Halafu: "Na chipsi nyingine. Huyu ameonja zote."